Kukandwa mgongo na kine (mtaalamu wa tiba ya viungo) hapa Bukavu: uzoefu wangu

Nashona nguo Kadutu, mwaka wa 14 huu. Ukikaa kwenye cherehani ya miguu unajua mwenyewe: kichwa kimeinama, bega la kuume limepanda, na jioni bado mlima wa kupanda kwenda nyumbani unakungoja. Kiangazi, ndoa zilipofuatana, shingo yangu ilikataa kabisa kugeuka. Nikafika mahali pa kumwita mwanafunzi wangu anitungie uzi kwenye sindano.

Mahali pa kwanza nilipoenda hawakuniuliza neno. Kijana aliweka kiwiko juu ya uti wa mgongo wenyewe, akakandamiza. Siku 3 nililala ubavu.

Kisha jirani akanipeleka kwa mama mmoja kine, upande wa Ibanda. Huyo, kabla ya kunigusa, alinihoji: "Mama, miguu inakufa ganzi? Mkojo unakutoka bila kujua? Una homa? Ulianguka?" Alishika hata mashavu ya miguu. Akanieleza kwamba mguu mmoja ukivimba na kuwa na moto haukandwi, unapelekwa kwa daktari, maana huenda kuna damu iliyoganda ndani na inaweza kusafiri hadi kwenye mapafu. Sikuwahi kusikia hilo, na nyumbani tunakandana tangu utoto!

Alitia mafuta ya uvuguvugu, akaanza mbali na penye maumivu, polepole. Chini ya bapa la bega, kidole gumba chake kilikuta kitu kigumu, kama kifungo kilichoshonewa ndani ya bitana. Hakukilazimisha. Alituliza kidole pale, nikavuta pumzi, mara kikalegea na joto likashuka hadi mkononi. Usiku ule nililala hadi asubuhi. Kesho yake misuli iliuma kama ya mtu aliyelima, alikuwa amenionya.

Lakini baada ya siku 4 ugumu ulianza kurudi. Kukandwa kunalegeza misuli na kutuliza maumivu kwa muda tu, ukirudia mkao uleule nayo yanarudi. (Wanaosema kunatoa sumu mwilini, kine wangu anawakatalia: hiyo ni kazi ya figo na ini.) Alinipa mazoezi mawili ya shingo, akaniagiza niache kigoda nitafute kiti chenye mwegemeo, na nisimame kila saa. Nimeenda mara 5. Uzi natunga mwenyewe.

Nalipa dola 8 kwa dakika 45, hata franga wanapokea. Nenda asubuhi, na beba kitenge chako cha kulalia, kwa sababu shuka zao ni chache na wakati wa mvua hazikauki upesi.