Hija ya miguu kutoka Busia hadi Namugongo: sala imepangwa vema, usalama wa barabarani bado

Mwezi Mei uliopita nilijiunga na kikundi cha mahujaji kinachotembea kwa miguu kutoka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, hadi Namugongo, karibu na Kampala, mahali ambapo Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, miongoni mwa Mashahidi wa Uganda waliouawa kwa ajili ya imani yao, walichomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Safari ilichukua siku tisa, na mchango wa kila mtu ulikuwa shilingi 7,500 za Kenya, fedha zilizolipia chakula, malazi katika kumbi za parokia na madarasa ya shule, lori la kubebea mizigo, pamoja na huduma ya muuguzi mmoja. Sikitaji kikundi hicho kwa jina. Nitaeleza tulichopewa na tulichokosa, kwa sababu nilipokuwa nikijiandaa nilihitaji sana maelezo ya namna hiyo na sikuyapata.

Nianze na sala, kwa kuwa ndiyo iliyonipeleka. Tuliamshwa saa kumi alfajiri, tukaadhimisha Misa kwa mwanga wa taa, na kabla ya saa kumi na moja na nusu tulikuwa njiani. Saa ya kwanza ya kila siku ilikuwa ya kimya kamili: hakuna wimbo, hakuna mazungumzo, hakuna simu. Siku ya kwanza niliona ni agizo gumu, lakini kufikia siku ya tatu nilikuwa nikiingoja saa hiyo kuliko hata chai. Baadaye ilifuata Rozari, kisha nyimbo, saa sita mchana sala ya Malaika wa Bwana chini ya mti wowote tulioufikia, na saa tisa alasiri Rozari ya Huruma ya Mungu. Padre hakutembea mbele kama nilivyotarajia. Alikaa mkiani mwa msafara pamoja na waliochoka, na aliyetaka kuungama alipunguza mwendo akatembea naye, watu wengine wakiwaachia nafasi ya hatua kama hamsini. Nimeungama makanisani maisha yangu yote, lakini sijawahi kuungama kwa utulivu kama nilivyofanya katikati ya mashamba ya miwa ya Kakira, bila kuona foleni nyuma yangu na bila haraka ya kumaliza.

Tarehe nazo zilichaguliwa kwa makini. Mashahidi hao walihukumiwa Munyonyo, kando ya Ziwa Victoria, mwishoni mwa Mei 1886, wakatembezwa hadi Namugongo wakiwa wamefungwa, wakakaa kifungoni karibu wiki moja wakingoja kuuawa. Kwa kuwa tuliondoka Busia tarehe 24 Mei, kila jioni padre alitusimulia kwa dakika chache yaliyowapata siku hiyohiyo au siku iliyokaribiana nayo, hata tukaanza kuhesabu siku zetu sambamba na zao. Jioni ya tarehe 26 tulimkumbuka Andrea Kaggwa, aliyeuawa Munyonyo siku hiyo, na hakuna aliyelalamikia maharagwe usiku huo.

Jambo lililonigusa zaidi ya yote, na ambalo kwangu linatosha kukitofautisha kikundi hiki, ni uamuzi wa kuiacha barabara kuu baada ya Bugiri na kuingia njia za udongo za wilaya ya Mayuge hadi Kyando, alikouawa Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana tarehe 29 Oktoba 1885. Mzunguko huo uliongeza mwendo wa siku nzima, na baadhi ya wenzetu waliuliza kwa nini Wakatoliki wazunguke hivyo kwa ajili ya askofu wa kanisa jingine. Jibu limo ndani ya historia yenyewe. Hannington alikuja kwa miguu kutoka pwani akipitia nchi ambayo leo ni Kenya, akaingia Busoga kutoka mashariki, na Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliyeogopa wageni wanaokuja kwa upande huo, akaamuru auawe. Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyekuwa na cheo katika jumba la kifalme, alimkemea Kabaka kwa kifo hicho, na tarehe 15 Novemba mwaka huohuo akauawa naye. Yeye ndiye wa kwanza kati ya wale mashahidi Wakatoliki ishirini na wawili tunaowaheshimu madhabahuni, na miongoni mwa mambo yaliyomgharimu uhai wake ni kumtetea Mwanglikana. Mkenya anayetoka Busia kwenda Namugongo bila kupita Kyando hukosa kuujua mwanzo wa habari anayokwenda kuiadhimisha.

Njia za Mayuge pia ndizo zilizokuwa shamba hasa: mihogo, mahindi yaliyokaribia kukomaa, migomba michache, watoto wanaokimbia kando ya msafara wakiimba nasi viitikio wasivyovijua. Mvua ya usiku iligeuza udongo kuwa tope linalong'ang'ania viatu, na tulitembea polepole mno. Katika kijiji kimoja bibi mmoja alitoka na dumu la maji na vikombe viwili, akasimama pale hadi mtu wa mwisho alipokunywa. Tulikuwa zaidi ya themanini. Alikataa shilingi tulizompa, akaomba tumtajie mjukuu wake kwa Karoli Lwanga tutakapofika.

Sasa niseme lililoniudhi. Kutoka makutano ya Musita tulirudi kwenye barabara kuu inayotumiwa na malori yote yaendayo Kampala kutoka Kenya, na hapo maandalizi yalikuwa hafifu. Jaketi za kuakisi mwanga zilikuwa sita kwa watu zaidi ya themanini. Tochi zilikuwa za watu binafsi. Ile saa ya kimya, iliyo tunu ya hija hii, iliangukia gizani, tukiwa ukingoni mwa lami, malori yakitupita kwa kasi kiasi cha kututikisa nguo. Alfajiri moja kabla ya Jinja lori lilichepuka kukwepa bodaboda, na akina mama watatu wakarukia mtaroni. Mmoja aliteguka kifundo cha mguu na kumaliza safari juu ya lori la mizigo. Nilizungumza na viongozi jioni ile, wakanisikiliza kwa heshima, lakini kesho yake tuliondoka saa ileile. Imani haimwondolei kiongozi wajibu wa kuwalinda watu waliokabidhiwa kwake. Kwenye lami msafara usianze kabla ya mapambazuko, kila mtu avae jaketi, na mtu mwenye bendera atangulie na mwingine afuate nyuma. Gharama yake ni ndogo, na ningeongeza mchango wangu kwa furaha.

Chakula kilikuwa cha kutosha: chai na mkate asubuhi, posho (ugali) na maharagwe jioni, na mchana kila mtu alijitafutia. Pale Najjembe, ndani ya msitu wa Mabira, wauzaji wa kuku wa kuchoma na gonja (ndizi za kuchoma) waliwapunguzia bei mahujaji bila kuombwa. Malazi ni mkeka sakafuni; beba blanketi lako. Lori la mizigo lilichelewa mara mbili, na mara moja tulikaa na nguo zilizolowa hadi saa tatu usiku. Muuguzi alikuwa hodari na mwenye subira, lakini mmoja hatoshi, kwani jioni za mwanzo foleni ya wenye malengelenge ilikuwa ndefu kuliko ya chakula.

Tuliingia Namugongo alasiri ya tarehe 1 Juni, na ushauri wangu ni kwamba usikubali ratiba inayofika baadaye ya hapo. Mkesha wa sikukuu ya tarehe 3 Juni umati ni mkubwa kiasi kwamba huwezi kusali penye utulivu, ilhali sisi tulipata muda wa kukaa ndani ya basilika ile yenye umbo la nyumba ya asili ya Kiganda, inayoshikiliwa na nguzo 22 za shaba, moja kwa kila shahidi. Madhabahu yake imewekwa juu ya mahali ambapo Karoli Lwanga alichomwa. Padre alituingiza bila kusema neno, na kimya kile tulichokizoea alfajiri kilirudi chenyewe. Nilimtaja mjukuu wa yule bibi.

Anayetaka kwenda aanze mazoezi miezi miwili kabla, atembee kilomita 20 kwa siku mbili mfululizo akiwa na viatu atakavyovaa, si vipya. Kitambulisho cha taifa kinamtosha Mkenya kuvuka mpaka. Mwenye kisukari au shinikizo la damu azungumze kwanza na daktari wake. Na kabla ya kulipa mchango, awaulize viongozi kikundi chao kina jaketi ngapi, wauguzi wangapi, na saa ngapi kinaondoka siku za lami.