TAHADHARI: dalali wa vyumba Leicester anayekwambia "tuweke bili kwa jina lako"

Jamani mlioko Uingereza, na hasa nyie mliokuja kwa kazi za kulea wazee na wanafunzi mnaotafuta vyumba Leicester, kuna kaka anazunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp anajifanya msaidizi wa wageni. Ni tapeli. Jina lake silitaji kwa sasa maana malalamiko yako mezani na sitaki apate pa kuchomokea, lakini mliowahi kupanga kwake mkisoma kidogo tu mtamjua.

Nina hasira mpaka usingizi umekata. Na aibu pia, maana kazini mimi ndo watu wananiletea barua zao niwasomee, niwaambie hii ni ya nini na hii ijibiwe vipi, halafu mimi huyohuyo naletewa barua ya kampuni ya kukusanya madeni yenye jina langu kamili, paundi 2,870, umeme na gesi, wa nyumba ambayo nimepanga chumba kimoja tu!

Nilivyokipata kile chumba kwa huyu kaka wengi mnajua, sirudii. Nataka niwaelezee siku aliyopiga simu kampuni ya umeme, maana ndo siku aliyonimaliza.

Nimetoka shifti ya usiku, sijalala, nimekaa jikoni hata koti sijavua. Akaja na daftari lake na makabrasha, akakaa, akaniuliza taratibu kabisa, mdogo wangu, benki umeshafungua? Nikamwambia kaka bado, wamenigomea, wanataka barua yenye jina langu na anwani ya hapa, na mwajiri anasema mshahara hawezi kuingiza bila akaunti. Akacheka akasema hilo mbona dogo, tunaweka bili ya umeme na gesi kwa jina lako, barua itakuja hapahapa, unaipeleka benki wanakufungulia. Jina tu, mdogo wangu, kulipa nalipa mimi kama kawaida, si bili zimo humohumo kwenye kodi yako? Halafu akaongezea kwamba kwa sababu nimemsaidia na yeye ataniondolea paundi 40 kwenye kodi kila mwezi, na kwamba jina likikaa kwenye bili hata rekodi yangu ya kukopesheka inaanza kujengeka, siku nikitaka simu ya mkataba au gari sitapata shida.

Sasa niambieni, hapo ungekataa kipi? Benki nilihitaji kweli. Mtu anaongea Kiswahili, mkubwa kwangu, amenipokea na mabegi yangu, ameniita mdogo wangu tangu siku ya kwanza. Pasipoti yangu alikuwa nayo picha tayari, na ile namba ya eVisa (viza ya mtandaoni) ya kuthibitisha haki ya kupanga, ile inayoanza na R, alishaichukua, na hilo halikunishtua kwa sababu huku England ni sheria, mwenye nyumba lazima akague karatasi zako kabla hajakupangisha, kila mtu anakaguliwa. Kwa hiyo msiniambie eti mbona ulimpa karatasi. Bila karatasi hulali ndani hapa.

Akapiga simu kampuni ya umeme, akaweka spika, simu juu ya meza. Ile miziki ya kusubiri ikalia weee mpaka macho yakawa yananifunga. Akapokea dada mmoja mpole, akauliza naongea na nani. Kaka akanionyesha kwa kidole, sema jina. Nikasema jina. Tarehe ya kuzaliwa. Nikasema. Akauliza unakubali huyu bwana akuongelee kwenye akaunti hii? Kaka akatingisha kichwa, nikasema yes. Hiyo yes nalipia mpaka leo. Baada ya hapo dada akauliza umehamia lini, na mimi nilikuwa nafungua mdomo niseme mwezi wa tisa, kaka akadaka haraka, akataja tarehe, mimi na usingizi ule na Kiingereza cha simu kile kinavyokwenda mbio nikasikia mwezi tu nusunusu. Akaulizwa namba za mita. Akainuka, akaenda kwenye kile kikabati chini ya ngazi, akafungua kwa ufunguo wake, akakaa kidogo, akarudi na namba ameandika kwenye daftari akazisoma. Mimi ile mita sikuiona. Imeli akawapa, mimi nikajua ni yangu, nilisikia jina langu likitamkwa.

Na barua ilikuja kweli. Jina langu, anwani, safi kabisa, benki wakafungua akaunti, mshahara ukaingia. Bili ya kwanza akanitumia skrinishoti kwamba amelipa. Kodi akapunguza paundi 40 kama alivyosema. Mtu anayekutimizia kila alichoahidi unaanzia wapi kumshuku?

Kimya. Miezi ikapita. Halafu ndo hiyo bahasha.

Nikapiga simu kampuni ya umeme nikiwa natetemeka, nikajua wamekosea mtu. Hawakukosea. Akaunti yangu. Tarehe ya kuhamia waliyonayo ni mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu! Mimi Uingereza nimeingia mwezi wa tisa, tiketi ninayo, mkataba wa chumba ninao. Yaani lile deni lote la nyumba la nyuma, la watu waliokaa kabla yangu, kalivuta kaliweka juu ya kichwa changu kwa sentensi moja ya simu. Namba za mita alizosoma ni za chini kuliko ilivyokuwa, kwa hiyo siku walipokuja kusoma wenyewe ikaonekana nimetumia umeme wa kiwanda. Ile imeli ni jina langu na vinamba mbele, nimewauliza herufi moja moja, sijawahi kuifungua maishani, bili zote zilikuwa zinaenda huko anazisoma yeye. Na malipo yaliyoingia ni moja tu, ile ya kwanza, ile ya skrinishoti.

Kinachoniuma zaidi, vyumba vingine vinne mle ndani wote wanamlipa "bili zimo ndani". Kila mwezi anakusanya. Wengine anawapa na heater za umeme kabisa, washeni tu, baridi hii. Mnawasha, mnamlipa yeye, na deni linalala kwa jina langu.

Sijamaliza. Wiki hiyohiyo dada mmoja ambaye simjui akanitafuta WhatsApp, akaniuliza wewe ndo fulani? Nikasema ndiyo. Akasema mbona kuna barua zako nyingi kwetu. Kwao wapi? Nyumba nyingine, mtaa mwingine, sijawahi hata kupita. Gesi na maji, jina langu. Pasipoti moja, nyumba mbili, labda tatu, mimi sijui, ndo maana naandika hapa.

Nilipompigia huyo kaka hakukana hata. Akaniambia kwa sauti ya upole ileile, mdogo wangu tulia, ukinichokonoa mimi nawapigia Home Office, wale wa uhamiaji, nawaambia unadaiwa, viza yako utaiona. Mtu aliyenipokea na mabegi! Nililia siku hiyo, sitaficha. Halafu nikaenda Citizens Advice, shirika la kushauri watu, na nawaambia mtu yeyote aliyetishwa hivi aende, ni bure. Kule ndo nikaambiwa deni la umeme ni la madai, si jinai, hakuna anayefungwa kwa bili. Watu wa kukusanya madeni wanaokutumia barua hawana ruhusa ya kuingia kwako kwa nguvu, wao si maofisa wa mahakama. Ila usikae kimya ukazitupa barua, kwa sababu zikifika mahakamani ukapigwa hukumu ya deni na hukuwepo kujitetea, inakaa kwenye rekodi yako miaka 6, labda uwe umelipa yote ndani ya mwezi mmoja. Miaka sita hupati nyumba, hupati simu ya mkataba, kwa umeme aliowasha mtu mwingine.

Huyu mtu afungwe. Sina neno lingine. Anawinda wageni kwa makusudi, anajua mgeni hana benki, hajui sheria, anaogopa neno Home Office kuliko kitu chochote, na anatumia Kiswahili chetu kama chambo. Wenzetu wanaomjua na wanaomtetea eti "ana roho nzuri, amesaidia wengi", amewasaidia nani? Aliyemsaidia bila kumchukua pasipoti ajitokeze hapa. Na ile nyumba ina watu watano wasio ndugu wanashea jiko na choo, England nyumba ya hivyo ni lazima iwe na leseni ya kaunsili, yaani halmashauri ya mji, nimeshaandika kaunsili kuuliza leseni iko wapi, na kama haipo ipigwe faini yake yote, na sisi wapangaji tuna haki ya kwenda baraza la kesi za nyumba (tribunal) kudai turudishiwe kodi. Nataka arudishe kila paundi. Na dipoziti yangu nayo, kumbe hakuiweka kwenye mfuko wowote kati ya ile mitatu iliyoidhinishwa na serikali ya kulinda dipoziti, wakati sheria inampa siku 30 tu tangu aipokee. Kote humo kavunja, halafu anatembea anasalimia watu kanisani.

Mnaoniuliza inboksi dalili zilikuwa zipi, sikilizeni, nitaandika haraka maana naingia kazini. Kikabati cha mita kimefungwa na ufunguo anao yeye. Hiyo peke yake inatosha. Siku unapokabidhiwa funguo za nyumba uione mita kwa macho yako, uipige picha pamoja na namba yake ya serial iliyoandikwa juu yake, tarehe ionekane, ya umeme na ya gesi. Akaunti ikifunguliwa ifungue wewe, kwenye simu yako, imeli yako, paswedi yako, tarehe ya kuhamia useme wewe mwenyewe na iwe ileile iliyo kwenye mkataba. Na kama umepanga chumba tu, siyo nyumba nzima, na bili zimo kwenye kodi, basi akaunti ni ya mwenye nyumba, jina lako linaingiaje hapo? Eti barua ya benki. Benki nyingi zinapokea barua ya mwajiri au ya chuo, na kuna zile za kwenye simu zinafungua bila hata bili, hilo nimelijua baadaye. Nyingine ni kwamba alikuwa hapendi meseji, mambo ya hela yote anapiga simu, ukimwandikia anajibu kwa simu. Na mkataba alinipa baada ya kumsumbua sana.

Ila ule mkataba ndo unaniokoa, kwa sababu kuna mstari umeandikwa bili zimejumuishwa na sahihi yake iko chini. Msikubali kulala kwenye chumba bila huo mstari kwa maandishi.

Kwa yeyote ambaye yamemkuta: usianze kulipa "kidogo kidogo ili wanyamaze", mimi nusura nifanye hivyo. Andika malalamiko rasmi kwa kampuni ya umeme, waambie sikuwepo nchini tarehe hiyo, ambatanisha tiketi, mkataba na picha, waombe wasimamishe kudai wakati wanachunguza. Mimi wamesimamisha. Zikipita wiki 8 hawajamaliza, au wakikwambia kwa barua kwamba wameshindwana na wewe, unapeleka Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa migogoro ya umeme na gesi, hulipi chochote. Na waulize bili ni ya kipindi gani, kwa sababu umeme uliotumika zaidi ya miezi 12 nyuma na hawakuwahi kuutoza vizuri, kwa makosa yao, hawaruhusiwi kuja kuutoza leo. Halafu nenda kaombe ripoti yako Experian, Equifax na TransUnion, kampuni zinazotunza rekodi za mikopo, zote tatu, ile ripoti wanayotakiwa kisheria kukupa ni bure, uone ni anwani ngapi zimeshikizwa kwa jina lako. Mimi kule ndo nimeiona ile nyumba ya pili imekaa pale kama kwangu.

Sasa nawaomba. Mtu yeyote aliyewahi kumlipa huyu kaka "bili zimo ndani" kwa nyumba ile ya karibu na reli au ile ya ghorofa tatu, nitumie skrinishoti ya malipo na ukurasa wa kwanza wa mkataba, funika namba zako za benki. Tuko watu kadhaa tayari, polisi tumeripoti na kaunsili afisa amekubali kuonana nasi pamoja. Na kama una barua zenye jina langu nyumbani kwako usizirudishe posta wala usimpe yeye hata akija mwenyewe mlangoni, nipigie nizifuate.