Vifuko vya viungo: vya kaki vimenitia hasara, vya rangi ya fedha nitavirudia

Nnauzia wageni hiliki na karafuu Mji Mkongwe. Kabla ya masika nilinunua vifuko vya aina mbili katika duka moja la Darajani. Vya kaki vilinivutia kwa kidirisha chake, mgeni aione hiliki. Kumbe ndani ni utando mwembamba tu wa polithini, ile plastiki laini ya mifuko, na polithini huzuia maji lakini harufu huipita. Wiki ya tatu kabati zima lanukia hiliki, hiliki yenyewe hainukii! Tena mwanga wa kile kidirisha umeipausha ukijani wote.

Vya fedha ni habari nyingine. Nilikichana kimoja: juu plastiki ngumu inayoshika wino, katikati alumini, ndani polithini inayoyeyuka na kushikana ukiipitishia pasi ya moto. Alumini haipitishi hewa, mwanga wala unyevu. Karafuu za humo nimezifungua juzi, pua ikawasha. Ila usivikunjekunje, alumini hutoboka kwenye mikunjo. Na katika 50, viwili zipu haikushika. Muuzaji alinibadilishia, lakini kwa kununa.