Mkutano wa injili Furahisha: uamsho kweli au kelele tu? Nilichokiona

Tangu mkutano uishe watu wanabishana Mwanza nzima, kuna wanaosema Roho kashuka na kuna wanaosema yote yalikuwa maigizo. Mi nilienda jioni nyingi tu na nilisimama karibu na jukwaa, huduma yenyewe siitaji jina maana nachotaka kuongelea ni kazi yao.

Mazingira kwanza. Viwanja vya Furahisha panafikika, ukishuka tu pale darajani umefika. Spika zilikuwa nzuri hadi watu wa mbali walisikia kila neno, kwaya ndo usiseme, zile nyimbo za Kisukuma ziliinua kina mama wote wakacheza na vumbi lile. Vyoo vilikuwa vichache mno kwa umati ule, na viti vya mbele vyote kwa wageni waalikwa huku bibi zetu wamekaa chini kwenye kanga, hii iliniuma.

Mahubiri nayapa alama za juu kabisa. Jamaa alihubiri Zakayo, Luka 19, na hakuishia kwenye mti kama wengi wanavyofanya, alikaa sana pale Zakayo anaposema aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Uwanja ulitulia.

Maombezi sasa. Mama mmoja alikuwa mbele yangu kabisa, mhudumu kamwekea kiganja kwenye paji la uso anasukuma, mama akarudi hatua moja akasimama, akasukumwa tena, akasimama tena, mpaka dada wa nyuma yake aliyeshika kanga ya kumfunika akamwambia taratibu "mama we lala tu". Mama akalala. Huyo huyo nikasikia kwenye maiki anatangazwa kwamba nguvu za Mungu zimemwangusha. Jamani, mimi naamini Mungu anaponya na naamini mtu anaweza kuanguka mbele zake, ndo maana jambo kama hili linanikera kuliko linavyomkera asiyeamini.

Na kuna hili la dawa. Mchungaji mwenyeji alisema wazi kwamba aliyeombewa aende hospitali akapime na asiache dozi mpaka daktari aseme, nampongeza sana. Ila jioni ya mwisho mgeni mwingine kashika maiki anasema mwenye imani atupe vidonge, na hakuna aliyemsahihisha. Pembeni chupa za mafuta zinauzwa elfu tano tano. Tumesahau Moshi Februari 2020? Watu 20 walikufa wakikanyagana kwa sababu ya mafuta ya upako.

Lakini wanaosema yote ni feki nao sikubaliani nao, kwa sababu ya kitu nilichokiona Mwaloni pale Kirumba. Kuna mama anauza dagaa, debe lake lilikuwa limebonyezwa kitako kwa ndani, yaani ukipimiwa unaona limejaa kumbe unaibiwa, na kila mtu pale alijua. Baada ya lile somo la Zakayo alikuja asubuhi na debe jipya, lile la zamani akaligonga nyundo mbele ya wenzake hadi likapasuka, halafu akaanza kuwaita wateja wake wa jumla mmoja mmoja kuwafidia. Hakuna aliyempa maiki. Hakupanda jukwaani kabisa.

Wazee wa Bukoba wanaujua uamsho wa namna hiyo. Ule ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukapita Uganda ukaingia Buhaya, watu walikuwa wanatubu hadharani na kurudisha walivyoiba, ndo maana hata majirani wasiookoka walijua kuna kitu kimetokea. Hata Marekani Februari 2023 pale Chuo Kikuu cha Asbury, Kentucky, ibada ya wanafunzi ilianza asubuhi ikaendelea kama wiki mbili, na watu waliuliza haya haya tunayouliza sisi, ni kweli au hisia tu? Kuuliza sio dhambi, 1 Yohana 4:1 inatuambia tuzijaribu hizo roho. Ila huwezi kuzijaribu kwa kuhesabu walioanguka, nenda Mwaloni, nenda Igoma sokoni, nenda nyumbani kwa mtu umuulize mke wake.

Na hapo ndo waandaaji walipoanguka vibaya. Waliookoka waliandikwa kwenye fomu, jina, simu na mtaa, foleni ilikuwa ndefu hadi giza likaingia. Binti wa jirani yangu Mabatini aliandikisha, alilia sana siku ile na alimaanisha, mpaka leo hajapigiwa simu wala hajatembelewa na mtu, nimeamua kumpeleka mwenyewe kanisani kwetu. Mji huu ndio tuliomzika Askofu Moses Kulola mwaka 2013, mzee aliyezunguka nchi kuhubiri na nyuma yake yakabaki makanisa, kwa hiyo tunajua kazi ya injili ikifanywa vizuri inaacha nini.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Mahubiri na kwaya ndo vimezileta. Nyota moja imeondoka na ile kauli ya vidonge pamoja na chupa za mafuta, nyingine iko kwenye zile fomu, na hiyo bado wanaweza kuipata wakianza kupiga simu wiki hii.