Mita ikilia, haina maana kwamba prosesa imekufa

Kila nikimkumbuka fundi yule hasira zinanipanda upya, kwa hiyo acha niseme.

Laptopu yangu iligoma kupokea chaji. Nikichomeka chaja, taa ya chaja yenyewe inazimika, nikichomoa, inarudi. Mashine iliendelea kufanya kazi kwa betri bila shida yoyote, mpaka chaji iliyobaki ikaisha. Haya yote nilimweleza fundi kabla hajashika bisibisi, na ni maelezo mazito. Taa ya chaja kuzimika namna ile ni dalili kubwa ya shoti, yaani umeme kupata njia ya mkato, kwenye laini inayoingiza umeme: chaja inajilinda, inakata. Na kama mashine imetoka kuwaka kwa betri, prosesa ni kitu cha mwisho kabisa cha kushuku.

Hakusikiliza. Alifungua, akaweka mita kwenye mlio (inalia tu ikiona njia ya umeme, haikupi namba ya kuamulia), waya mmoja kwenye koili iliyo kando ya prosesa, inayoipelekea umeme, mwingine kwenye graundi. Mita ikalia. "Prosesa imekufa dada, hapa ni bodi mpya." Uchunguzi ukaishia hapo.

Jamani! Laini ya prosesa ina ukinzani mdogo hata ikiwa nzima. Prosesa za sasa zinakula makumi ya ampea kwa volti 1 hivi, kwa hiyo ukipima koili zake ni kawaida kukuta omu (kipimo cha ukinzani) chache tu. Mita nyingi zikiwekwa kwenye mlio hulia kwa chochote kilicho chini ya omu 30 hadi 50. Maana yake mlio ule ungesikika hata kwenye bodi isiyo na ugonjwa wowote. Kwa mtindo huo ni bodi ngapi nzima zimeshahukumiwa kifo mezani pale?

Nikamwomba kwa adabu: "Fundi, soma omu basi, usiishie kwenye mlio. Na pale kwenye tundu la chaja umepima?" Akaweka mita chini, akanijibu kwa sauti ya kusikika na wateja wote: "Kama unajua, umefuata nini hapa?"

Nimefuata nini! Nimeleta mashine yangu na pesa zangu, ndicho nilichofuata. Kupima vibaya kunaweza kumtokea fundi yeyote, hilo ningelivumilia. Kumnyamazisha mteja aliyekuletea dalili zote mkononi, hapana. Kisha akaniambia nimwachie bodi ya zamani, eti haina kazi tena. Haina kazi? Mafaili yangu yote yako kwenye hifadhi iliyolehemiwa kwenye bodi hiyohiyo, na fundi yeyote anajua bodi iliyokufa ni ghala la vipuri. Nikabeba mashine yangu nikaondoka.

Fundi wa pili alianza kwa kuuliza ilianzaje, akaniacha nimalize. Akapima palepale kwenye tundu la chaja: omu karibu na sifuri. Shoti. Kwenye laini ile kuna kapasita (vipuri vidogo vinavyotunza chaji) kadhaa za kauri zilizofungwa sambamba, na moja ikipiga shoti zote zinapimika kama mbovu, kwa hiyo mita peke yake haikuonyeshi mkosaji. Akapaka spiriti eneo lote, akaingiza volti 1 kutoka pawa saplai ya mezani, ampea akazidhibiti, akatazama kwa hadubini. Spiriti ilikauka juu ya kapasita moja kabla ya nyingine zote, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inapata moto. Kitu kidogo kuliko punje ya mchele! Akaing'oa kwa bloa ya hewa ya moto, akapima tena, shoti haipo. Akalehemu nyingine inayohimili volti 25, kwa sababu laini yenyewe ni ya volti 19 na kapasita ya volti 16 isingefaa pale. Chaja ikachomekwa, taa ikabaki inawaka. Nilimshika fundi yule mkono kwa mikono yangu miwili.

Sasa nimpe yule wa kwanza hukumu gani? Kwa haki, skrubu zangu zote zilirudi mahali pake, na niliona akibadilisha kibodi ya mteja mwingine kwa mikono safi na ya haraka. Kwa kazi za kioo, kibodi na bawaba nilitaka kuandika kwamba anafaa, mpelekeeni, ila asiguse bodi.

Lakini nikiirudia ile "umefuata nini hapa", na nikiiwaza bodi yangu ikibaki kwenye droo yake na mafaili yangu yote ndani kwa ajili ya kapasita moja, naghairi. Hata kibodi msimpelekee. Na fundi yeyote akikwambia prosesa imekufa, mwulize amesoma omu ngapi, na kwenye laini ipi. Akikasirika, chukua mashine yako uondoke nayo, bodi ikiwa ndani.