Unga wa Udongo "Unaosafisha Hewa": Miezi Mitano Ukutani, Mwanga, Kigoma

Mwezi Juni nilinunua ndoo moja ya unga wa kupaka ukutani kwa ajili ya karakana yetu ya samani hapa Mwanga, ambako harufu ya vanishi na tina hulala chumbani hadi asubuhi. Karatasi ya ndooni inataja viungo viwili vya msingi, bentonaiti, yaani udongo laini unaovimba ukilowa, na titani dayoksaidi, yaani unga mweupe utumiwao kwenye rangi, ya chembe ndogo mno. Mionzi ya urujuanimno ya jua inapozipiga chembe hizo, unyevu na oksijeni ya hewani hugeuka kuwa viini vikali vinavyoumega mvuke wa tina mpaka ubaki hewa ukaa na maji. Udongo nao haukuwekwa kujaza ndoo tu: hutawanya chembe zisigandamane, kisha huunasa mvuke na kuuweka jirani na chembe zinazoumega.

Unga hukorogwa na maji hadi uwe kama uji mwepesi. Penye chokaa umeshika vizuri kwa mikono miwili ya brashi, lakini penye rangi ya mafuta ulianza kubanduka kabla ya mwezi kwisha.

Kwa kuwa pua huzoea harufu na haiaminiki, nilidondosha wino wa peni mahali patatu: kwenye baraza palipopakwa unga, kwenye baraza hiyohiyo penye chokaa tupu, na ndani palipopakwa. Siku ya nne doa la kwanza lilikuwa limebaki kivuli cha kijivu, la chokaa limepauka kidogo tu, na la ndani lilikuwa bluu kama nilivyolidondosha.

Hapo ndipo ninapomlaumu muuzaji, aliyeniapia kwamba unga hufanya kazi "hata usiku". Titani ya aina hii huamshwa na mionzi ya urujuanimno, yenye urefu wa wimbi chini ya takriban nanomita 388, ambayo kioo cha dirisha hupunguza na taa za LED karibu hazitoi kabisa. Chumba chetu kiko Mwanga, ila mwanga wenyewe hakina. Gizani udongo hunasa mvuke mpaka ushibe, basi. Isitoshe, umegaji ukiishia njiani huweza kuacha formaldehaidi, nayo ni sumu, kwa hiyo anayefunga madirisha kwa kuutegemea ukuta anajidhuru.

Moshi wa jirani anayebanika migebuka ni shauri jingine, kwa sababu masizi hayamegwi kwa kasi ya maana, bali huufunika ukuta na kuzuia jua. Vumbi la Agosti lilifanya vivyo hivyo, nikawa nafuta kwa kitambaa chenye unyevu kila Jumamosi.

Ukuta wa baraza unaopigwa na jua la mchana, ambako sasa tunapaka samani vanishi, nitaurudia kwa unga uliobaki. Ndani nimepaka chokaa ya kawaida na kumwita fundi atoboe dirisha la pili.