MyFitnessPal na sufuria ya ugali: lengo la kalori unalopewa lina thamani gani?

MyFitnessPal, programu ya simu ya kuandika unachokula na kuhesabu kalori, ipo tangu 2005, na wengi wanaotaka kupunguza uzito kwa msaada wa simu huanza nayo. Ukijisajili inakuuliza jinsia, umri, urefu, uzito, shughuli zako za siku na kilo unazotaka kupungua kila wiki, kisha inakupa namba moja: kalori zako za siku. Tathmini hii inaiangalia namba hiyo kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu watu huifuata kama dozi iliyoandikwa na daktari, ilhali ni makisio, na sehemu kubwa ya makisio hayo inategemea majibu mawili yanayobonyezwa kwa haraka. Kama daftari la chakula, programu hii ni nzuri. Kama mshauri, inahitaji kusahihishwa.

Hesabu yake inaanzia kwenye kanuni ya Mifflin-St Jeor, iliyochapishwa mwaka 1990. Kwa mwanamke: uzito wa kilo mara 10, jumlisha urefu wa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, toa 161. Kwa mwanamume, badala ya kutoa 161 unajumlisha 5. Chukua mwanamke wa kilo 78, urefu sentimita 162, umri miaka 34. Anapata takriban 1,460, yaani kalori ambazo mwili wake ungetumia hata akilala siku nzima. Namba hiyo huzidishwa kulingana na shughuli. Vizidishi vinavyotumika sana ni 1.2 kwa anayekaa muda mwingi, 1.375 kwa mwenye shughuli kidogo na 1.55 kwa mwenye shughuli za wastani. Programu ina vya kwake, lakini mantiki ni hiyo hiyo. Kwa mwanamke wetu, majibu hayo matatu yanatoa 1,750, 2,010 na 2,265.

Tazama pengo hilo. Kati ya la kwanza na la tatu kuna zaidi ya kalori 500. Kupungua nusu kilo kwa wiki kunahitaji upungufu wa kalori 550 hivi kwa siku, ukikadiria kwamba kilo moja ya mafuta ya mwili ni kalori 7,700. Kwa hiyo mtu wa ofisini anayejiita mwenye shughuli za wastani kwa sababu anatembea kutoka kituo cha daladala anaweza kuifuta karibu faida yote kabla hajala tonge la kwanza. Kazi ya kukaa, usafiri wa gari na dakika 20 za kutembea bado ni jibu la chini kabisa. Anayeuza sokoni akiwa amesimama siku nzima, mwalimu wa shule ya msingi au mhudumu wa hoteli ajiweke la pili. Fundi ujenzi na mkulima wa jembe la mkono wapande juu zaidi.

Jibu la pili linaloharibu mambo ni kasi. Wengi huchagua kilo moja kwa wiki, kubwa kuliko zote. Kwa mwanamke wetu akijiita mwenye shughuli kidogo, 2,010 ukitoa 1,100, yaani 550 mara mbili, inabaki 910. Programu haishuki huko: kwa wanawake inasimama 1,200, kwa wanaume 1,500. Ndiyo maana wanawake wengi wenye miili tofauti kabisa hukuta namba ile ile ya 1,200 na kudhani imepimwa kwa ajili yao. Imefika kwenye sakafu tu. Ukipewa 1,200, rudi kwenye mipangilio, punguza kasi hadi nusu kilo au robo kilo kwa wiki, uone namba inakwenda wapi. Mwanamke wetu atapata karibu 1,460, kiwango ambacho mtu anaweza kuishi nacho miezi sita bila kuvunjika moyo siku ya nne.

Halafu kuna mazoezi. Programu huongeza kwenye lengo lako kalori za mazoezi unayoandika au yanayoletwa na saa ya mkononi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2017 ulipima vifaa saba vya mkononi: mapigo ya moyo vilisoma vizuri kwa sehemu kubwa, lakini kwa nishati hata kilichokuwa bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Ukishajipa kiwango cha juu cha shughuli kisha ukaongeza na kalori za saa, umehesabu matembezi yale yale mara mbili. Ushauri wetu ni kuchagua kiwango cha chini cha shughuli na kula nusu tu ya kalori za mazoezi, au kuzipuuza kabisa.

Sasa chakula, na hapa ndipo mlaji wa Afrika Mashariki anapata kazi zaidi kuliko wa London. Hazina ya vyakula ya MyFitnessPal ni kubwa mno, lakini sehemu kubwa imeingizwa na watumiaji. Ukiandika ugali, chapati au maharage ya nazi utaletewa orodha ya namba zisizokubaliana, nyingine kwa bakuli, nyingine kwa kipande, nyingine hazisemi kama ni unga mkavu au chakula kilichoiva. Usichague inayokupendeza. Jenga mapishi yako mwenyewe kwenye sehemu ya mapishi, kwa kutumia viambato vibichi ambavyo namba zake zinajulikana: unga wa mahindi na mchele kalori 360 hivi kwa gramu 100, maharage makavu karibu 340, karanga 567, mafuta ya kupikia ya aina yoyote karibu 884.

Unahitaji mizani ya jikoni ya kidijitali ya kilo 5 inayosoma gramu moja moja. Pima kila sufuria ikiwa tupu mara moja tu na uandike uzito wake mahali. Tuseme umesonga ugali kwa gramu 300 za sembe: hizo ni kalori 1,080, na maji hayaongezi kitu. Ukiiva, weka ubao juu ya mizani ili joto lisiiharibu, irudishe sifuri, weka sufuria, toa uzito wake. Ukipata ugali wa gramu 900, kila gramu ina kalori 1.2. Kwenye programu, andika idadi ya sehemu za mapishi hayo kuwa 900, ili sehemu moja iwe gramu moja. Ukijipakulia gramu 350 unaandika 350, na inakupa kalori 420. Njia hii inafaa kwa pilau, maharage, mchuzi, chochote kinachotoka kwenye sufuria moja.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuchanganya kibichi na kilichoiva. Wali ulioiva una kalori 130 hivi kwa gramu 100, kwa kuwa mchele umenyonya maji. Anayepima gramu 250 za wali kisha akachagua mchele mbichi anaandika 900 badala ya 325, anashinda njaa bila sababu. Anayefanya kinyume chake anajidanganya kila siku na kulaumu mwili wake.

Mafuta ndiyo yanayopotea machoni. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120, na jikoni kwetu mafuta humiminwa moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Weka chupa juu ya mizani, irudishe sifuri, mimina sufuriani, rudisha chupa: namba hasi unayoiona ndiyo gramu ulizotumia. Kwa maandazi na samaki wa kukaanga, pima mafuta kabla na baada, yakishapoa. Chapati nazo zinashangaza. Kilo ya unga na gramu 140 za mafuta ni karibu kalori 4,840. Ukipata chapati 14, kila moja ina takriban 345. Mbili asubuhi na chai ya sukari zimekaribia nusu ya lengo la mwanamke wetu. Tui zito la nazi lina kalori 230 hivi kwa gramu 100, hivyo mchicha wa nazi unaoonekana mboga nyepesi unaweza kubeba kalori nyingi kuliko nyama iliyo pembeni yake. Pima pia kijiko chako cha sukari. Kilichojaa kwa kilima hufika gramu 7, na vijiko vitatu kwa kila kikombe, vikombe vitatu, ni kalori 250 kwa siku.

Kwa vyakula vya kwetu, majedwali ya thamani ya vyakula ya Tanzania ya mwaka 2008 na ya Kenya ya mwaka 2018 yanapatikana bure na ni ya kuaminika kuliko matokeo ya utafutaji ndani ya programu. Na ukinunua kitu cha Afrika Kusini chenye kilojuli kwenye pakiti, gawanya kwa 4.184 kabla ya kuandika.

Kwa kula nje hakuna dawa kamili. Kwa mama lishe au kwenye sinia la shughuli, kadiria, ongeza kijiko kimoja au viwili vya mafuta, uendelee na siku yako. Siku moja ya makadirio haivurugi mwezi.

Sasa kusahihisha lengo. Jipime kila asubuhi baada ya choo, kabla ya kula, na uchukue wastani wa wiki. Kilo moja au mbili hupanda na kushuka kwa maji tu: chumvi, wanga mwingi wa jana, siku za karibu na hedhi. Wiki ya kwanza usiihesabu, maji mengi hutoka. Linganisha wastani wa wiki ya pili na wa wiki ya sita, ambazo zimeachana siku 28. Mwanamke wetu akiwa ameandika wastani wa 1,460 na kushuka kilo 1.2, upungufu wake halisi ni 1.2 mara 7,700, gawanya kwa 28, yaani 330 kwa siku. Basi kalori zinazomweka pale pale, kwa uandishi wake mwenyewe, ni 1,790, siyo 2,010. Tungemshauri abaki na mwendo huo wa gramu 300 kwa wiki au aongeze kutembea, kuliko kukata hadi 1,240 ili afikie nusu kilo. Arudie hesabu kila akipungua kilo 5, kwa sababu mwili mwepesi hutumia kidogo.

Mjamzito, anayenyonyesha, aliye chini ya miaka 18 na aliyewahi kuugua matatizo ya kula wasitumie lengo la programu. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenclamide azungumze na daktari kabla ya kupunguza chakula, kwani dozi ile ile kwa mlo mdogo inaweza kushusha sukari hadi kuzimia.

Kuhusu kulipia: usomaji wa msimbopau (barcode) ulihamishiwa kwenye toleo la Premium mwaka 2022, na kwa anayenunua unga wa kupima na mboga za fungu, hilo si pengo. Toleo la bure linatosha. Anayekula zaidi vya pakiti, au anayetaka pia kuona madini ya chuma na vitamini, aangalie Cronometer, programu nyingine ya aina hii: inasoma msimbopau bure, na vyakula vyake vingi hutoka kwenye majedwali ya kitaalamu. Pesa ya Premium inunulie mizani.